Zawadi Ikivuka Mpaka: Agaseke Kwenye Fomu ya Forodha

Mwaka 2022 idara yetu ilituma agaseke kwenda Ujerumani. Kikapu hicho kilisukwa na mama wa mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, na mpokeaji alikuwa mwalimu aliyewahi kujifunza Kiswahili hapa kwetu Rwanda. Baada ya wiki kadhaa tulipata barua yake. Alishukuru, kisha akaeleza kwa upole kwamba aliitwa ofisi ya forodha, akapoteza nusu siku ya kazi, akaulizwa maswali asiyoweza kuyajibu na mwishowe akalipa euro chache. Tuliona haya. Tulipoitazama nakala ya fomu tuliyojaza, tulibaini kwamba makosa yalikuwa yetu, na karibu yote yalihusu maneno. Kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hili wana marafiki ng'ambo, tumeonelea tuyaeleze.

Kila kifurushi chenye kitu ndani kinachopelekwa nchi nyingine kwa posta huambatanishwa na tamko la forodha. Kifurushi kidogo, yaani kisichozidi kilo 2, kwa kawaida hutumia fomu iitwayo CN 22. Mizigo mizito zaidi au ya thamani kubwa hutumia CN 23. Fomu hizo huchapishwa kwa Kifaransa na Kiingereza, kwani Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mjini Bern mwaka 1874. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini mwetu tangu 2017, lakini ofisa wa forodha wa Ujerumani hana sababu ya kukijua. Kwa hiyo yaliyomo yaandikwe kwa Kifaransa au Kiingereza, hata kama sisi ni idara ya Kiswahili na moyo unauma.

Kosa letu la kwanza: katika sehemu ya yaliyomo tuliandika neno moja tu, "zawadi". Fomu ina kisanduku chake cha zawadi, nacho kinatosha kutiwa alama. Sehemu ya yaliyomo inauliza kitu chenyewe ni nini. Zawadi inaweza kuwa kisu, dawa, asali au saa ya dhahabu. Neno hilo linaeleza nia ya mtoaji, wala halimwambii ofisa lolote kuhusu kilichomo ndani ya boksi.

Hapo tukaingia katika mjadala ambao wanaisimu hawawezi kuukwepa. Agaseke tukiiteje? Kila Mnyarwanda anaijua, na imo hata katika nembo ya taifa, ila nje ya mipaka yetu jina hilo halieleweki. "Kikapu" ni neno pana mno: msomaji wa Mombasa ataona kitu cha kwendea sokoni, kilicho wazi juu. Mwenzetu mmoja alilikumbuka neno "jamanda", kikapu cha mviringo chenye kifuniko, nasi tuliona linakaribia sana, ingawa kifuniko chetu kina ncha iliyochongoka. Hatimaye tulikubaliana kwamba fomu haitaki jina zuri, inataka maelezo: kikapu kidogo cha mkonge chenye kifuniko, kilichosukwa kwa mkono, kimoja. Ndipo tukayatafsiri maelezo hayo.

Kosa la pili lilikuwa thamani. Tuliandika sifuri, kwa sababu mama yule hakutuuza. Lakini forodha haiulizi mtumaji alilipa kiasi gani; inauliza kitu kama hicho kina thamani gani. Sifuri humfanya ofisa ashuku, na mpokeaji maskini hujikuta akitakiwa kuthibitisha bei ya kitu ambacho hakukinunua. Dawa yake ni rahisi: ulizia sokoni agaseke ya ukubwa ule huuzwaje, uandike bei hiyo.

La tatu ndilo lililotugharimu. Kwa fahari tuliandika jina la idara kama mtumaji na kugonga muhuri. Umoja wa Ulaya husamehe ushuru na kodi kwa zawadi yenye thamani isiyozidi euro 45, lakini sharti itoke kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, isiwe ya kulipiwa, na isiwe jambo la kila mara. Idara si mtu binafsi. Zamani kosa hilo lingepita, maana bidhaa za hadi euro 22 zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Msamaha huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2021. Muhuri wetu, tuliodhani ni heshima, ukaifanya zawadi iwe mzigo wa taasisi.

Mwaka uliofuata tulijaribu tena. Safari hii mwanafunzi yule alituma kwa jina lake mwenyewe, nasi tukabaki wasahihishaji. Alitaka kujaza maharage ndani, kwa kuwa kikapu kitupu kilimwonea aibu. Tulimkataza: mbegu huhitaji cheti cha afya ya mimea, na bila cheti zingeweza kuharibiwa pamoja na mengine yote. Badala yake alitia barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili. Kifuniko kilifungwa peke yake kwa magazeti, kwa sababu ncha ndiyo huvunjika kwanza, na boksi lilikuwa gumu na kubwa kuliko kikapu. Jina la nchi aliliandika mstari wa mwisho kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa, na sanduku letu la posta akaliweka kama anwani ya kurudishia.

Kifurushi kilifika bila mpokeaji kuitwa popote. Katika jibu lake alituuliza maana ya neno "jamanda", lililokuwa katika aya ya pili ya barua, kwa kuwa kamusi yake ndogo haikuwa nalo. Fomu tupu za CN 22 tumeziweka katika kabati la idara kwa ajili ya somo la uandishi wa kiuamilifu. Mwalimu anayezihitaji aje azichukue.