Tumbo la Mwanafunzi



Wengi wetu tulio mashambani, viwandani na kwenye vituo vya kuoshea kahawa, Gitega na Muyinga, tuna mtoto shuleni, na shule hiyo ndiyo inayokula mshahara. Kwa hiyo habari hii yatuhusu. Mtihani wa taifa ukikaribia, mtoto huanza kulalamika tumbo. Asubuhi hali, kichefuchefu kinamshika, gesi inamjaa, anaharisha. Likizo anapona, shule ikifunguliwa, yanarudi.

Nyumbani tunagawanyika. Baba husema anadanganya, hataki shule. Mama husema ana vidonda, au amelogwa. Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Maumivu hayo ni ya kweli. Tumbo na utumbo vina mishipa yake ya fahamu, mamilioni kwa mamilioni, nayo imeungana na ubongo. Mtu akiogopa, mwili hujitayarisha kupigana au kukimbia: tumbo hupunguza kazi yake, na utumbo mpana huharakisha yake. Ndiyo sababu chakula hukaa kama jiwe, na mtu huyohuyo hukimbilia chooni. Nani kati yetu hajasikia tumbo likimkata alipoitwa ofisini na msimamizi? Basi mwanafunzi yuko kama mtu anayeitwa ofisini kila siku, kwa miezi mizima.

Na vidonda? Tumeambiwa tangu zamani kwamba vyaletwa na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kuotesha kijidudu kiishicho tumboni, Helicobacter pylori. Wenzao hawakusadiki, hata Marshall akakinywa mwenyewe mwaka 1984, akaugua tumbo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobeli. Vidonda vingi hutokana na kijidudu hicho, ambacho hutibika, au na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Kumbe kijana anayemeza diklofenaki kila usiku ili aendelee kusoma aweza kujiletea kidonda kilekile anachokiogopa!

Lakini kinachomaliza fedha zetu zaidi ni hofu ya ugonjwa. Mtoto amepimwa Muyinga, hana kitu. Analala vizuri siku mbili. Siku ya tatu anajibonyeza tumbo, anasoma kwenye simu habari za saratani, anataka apelekwe Gitega. Mbuzi anauzwa. Gitega nako hana kitu. Siku mbili tena, kisha hofu inarudi. Kila kipimo humtuliza kidogo na kumfundisha kuomba kingine. Na tumbo linalosikilizwa mchana kutwa huuma zaidi.

Yafaa tufanye hivi. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, apimwe vizuri, choo pia, kwani minyoo na amiba zipo kweli kwetu. Msinunue dawa za amiba dukani kwa kukisia. Choo chenye damu au cheusi kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu, homa isiyokwisha, chakula kukwama kooni, maumivu yanayomwamsha usiku: hayo si wasiwasi, arudishwe kwa mganga upesi.

Akiwa hana hayo, asiende kwa waganga kumi. Achague muuguzi mmoja, amwone kwa siku waliyopatana, si kila anaposhtuka. Katikati ya siku hizo asijibonyeze wala asitafute magonjwa kwenye simu. Ale kidogo asubuhi, hata uji tu. Maharage yakimjaza gesi, apunguze siku za mtihani. Chai kali ya usiku wa manane aiache, alale. Hofu ikipanda, apumue polepole, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, dakika tano, kisha atembee.

Hofu ikimzuia kabisa kwenda shule, au akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake. Aelezwe mganga siku hiyohiyo.

Na sisi wazazi, tukimpigia simu bwenini, tusianze na alama. Tumwulize kwanza amekula nini.