Malaria ya ubongo: Kwa nini sukari ya mtoto ipimwe mapema

Katika mtaa wa Karavia, jijini Lubumbashi, kama kwingineko Haut-Katanga, mvua huleta mbu, na mbu huleta malaria. Kwa mtoto mdogo, hatari kubwa ni malaria kupanda kichwani.

Chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Ubongo huvimba, mtoto hupata degedege na kupoteza fahamu. Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana.

Lakini sukari ikishuka, dalili huwa hizo hizo. Mtoto hajala, ini linashindwa kutengeneza sukari mpya, na vimelea vinatumia iliyobaki. Ubongo, unaotegemea sukari, huzidi kuumia. Dawa ya kwinini nayo huchochea kongosho kutoa insulini na kuishusha zaidi. Tangu mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watoto wenye malaria kali wachomwe sindano ya artesuneti badala yake.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, sukari iliyo chini ya miligramu 54 kwa desilita ni hatari. Tone moja la damu linatosha kuipima.

Mzazi akifika hospitali na aulize: sukari imepimwa? Na njiani asimnyweshe chochote mtoto aliyepoteza fahamu. Kinaweza kuingia mapafuni.