Ruta ya akiba: Kinga ya biashara Uyole

UYOLE, njia panda ambako barabara ya Kyela na Malawi huachana na barabara kuu ya Tunduma, haijawahi kulala njaa kwa kukosa magari. Viazi, mahindi na maharage hupakiwa hapa kwenda Dar es Salaam. Lakini siku hizi mzigo hauondoki kabla fedha haijaonekana kwenye simu au benki. Intaneti ikikatika, lori linasubiri, na viazi havisubiri.

Wafanyabiashara walionjeshwa hasara hiyo Jumapili ya Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi.

Kinga iliyo karibu ni kuwa na ruta 2 badala ya 1, zote zikiunganishwa kwenye swichi ile inayopokea maagizo ya fundi. Utaratibu unaotumika, VRRP, ulichapishwa mwaka 1998. Ruta hizo hushirikiana anuani 1, na kompyuta zote za ofisi huelekezwa kwenye anuani hiyo. Ruta kubwa hutoa ishara kila sekunde 1. Ishara 3 zikikosekana, ya akiba hushika usukani. Kwa mpangilio wa kawaida, kazi husimama sekunde 4 hivi, na mhasibu huenda asitambue.

Hata hivyo, wengi hununua vifaa na bado wanaumia. Ruta kubwa inaweza kuwa nzima wakati waya wa nje umekatika. Itaendelea kutoa ishara, nayo ya akiba itakaa kimya. Dawa ni kuiamuru ruta kubwa ipime mara kwa mara anuani iliyo mbali, nje ya ofisi. Mathalani, ruta kubwa ipewe daraja la 120 na ya akiba 100. Kipimo kikishindwa, ya kwanza ishushwe kwa 30. Itabaki na 90, na ya akiba itachukua nafasi.

Mwenye mtaji mdogo ajiulize mambo matatu kabla ya kulipa. Je, kampuni 2 anazokodi zinapita kwenye kebo tofauti? Zikitegemea kebo moja, amenunua jina, si akiba. Je, ruta hizo zina umeme wa betri, au zote huzimika pamoja? Na swichi yenyewe ikiungua, ipo nyingine kabatini?

Mwisho ni majaribio. Siku ambayo hakuna upakiaji, fundi achomoe waya wa nje wa ruta kubwa, mwenye duka akijaribu malipo. Yakipita, fedha yake imefanya kazi. Yakikwama, ni heri ajue siku hiyo kuliko siku lori limewasha injini.