Klachi Ngumu: Usikimbilie Kung'oa Giaboksi

Pikapu za zamani za Land Rover bado zinapanda na kushuka Kilimanjaro, zikileta ndizi mjini na kurudi vijijini na saruji. Kutoka Moshi hadi lango la Marangu, karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, dereva habanduki kwenye klachi. Ikiwa ngumu, goti ndilo la kwanza kulalamika, na ushauri wa haraka huwa: nunua presha pleti mpya. Huko ni kuanzia mwisho. Kwenye gari hizi, kuifikia presha pleti ni kufungua sakafu na boksi la viti, ndipo ung'oe giaboksi.

Kwanza jua uzito wa asili wa klachi yako. Series IIA, zilizotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, hutumia springi nyingi za mviringo kwenye presha pleti; pedali yake ni nzito tangu kiwandani. Series III ilikuja na springi moja bapa, iliyo nyepesi zaidi.

Kisha jiulize ugumu ulianza vipi. Ukiwa umekuja polepole kwa miaka, huenda diski imelika: kadiri inavyopungua, springi bapa hubadili pembe na kudai nguvu zaidi. Ukiwa umekuja ghafla baada ya matengenezo, shuku spea. Masta (silinda ya juu, inayosukumwa na pedali) ya inchi 7/8 ikifungwa mahali pa ile ya 3/4, uzito wa pedali huongezeka kwa zaidi ya theluthi, maana nguvu inayohitajika hufuata eneo la pistoni.

Sasa pima, injini ikiwa imezimwa. Achanisha fimbo ya pedali na masta, usukume pedali kwa mkono. Ikikwama hapo, mhimili wake umekauka au umeshika kutu. Usafishe na kuupaka grisi.

Ikiteleza vizuri, rudisha fimbo. Legeza nati ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini, mwenzako akanyage taratibu. Mafuta yakichuruzika vizuri na pedali ikawa nyepesi, njia iko wazi; ugumu uko kwenye silinda hiyo, uma, beringi au presha pleti. Mafuta yakidondoka tone moja moja na pedali ikabaki ngumu, mkosaji ni masta, bomba au mpira wa mafuta ulioziba ndani, hata kama kwa nje unaonekana mzima. Kaza nati kabla mwenzako hajaachia pedali, upepo usiingie.

Angalia pia kilichomo kwenye kikopo cha mafuta ya klachi. Mafuta ya injini yakitiwa badala ya mafuta ya breki, raba za masta huvimba na kubana pistoni. Nayo mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, silinda hushika kutu.

Mtake fundi afanye vipimo hivi viwili mbele yako kabla hujalipia spea yoyote.