MAKAZI YA MABAHARIA KATIKA CHOMBO CHA SAFARI NDEFU

Chama cha ushirika kinapounda au kununua jahazi, fedha huelekezwa kwanza kwenye mbao, tanga, mashine na nyavu. Mahali pa kulala, pa kupikia na pa kuwekea maji ya kunywa aghalabu huachwa mpaka mwisho. Hiyo ni hasara iliyofichika. Chombo kilichoishiwa maji safi hakina budi kurudi bandarini ingawa barafu na mafuta vingalipo. Na baharia aliyelala siku tatu juu ya godoro bichi hana uangalifu wa kushika usukani usiku wa nne. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi ya uvuvi, uliopitishwa mwaka 2007, unayataja malazi, chakula na maji ya kunywa miongoni mwa mambo ya lazima katika chombo cha uvuvi.

1. Ukavu na hewa

Wengi hudhani kwamba maji ya bahari ndiyo yaozeshayo mbao. Kwa kweli chumvi huzuia kuvu. Maji ya mvua ndiyo yenye madhara zaidi. Hupenya katika nyufa za sitaha, yakatuama katika pembe zisizopata hewa, na mbao zikaoza kutoka ndani bila kuonekana. Kwa hiyo sitaha itiwe kalafati upya kabla ya masika, wala isingojewe mpaka ivuje juu ya vitanda. Mbao za sakafuni zisipigiliwe misumari moja kwa moja; ziweze kuinuliwa ili mataruma yakaguliwe na ngama isafishwe. Chombo kikiwa bandarini, feuli na milango yote ifunguliwe mchana ili upepo upite.

2. Malazi

Godoro lisilazwe juu ya ubao mzima. Lilazwe juu ya chaga zenye nafasi kati yake, mbali kidogo na ubavu wa chombo, ili hewa ipite chini. Godoro au nguo iliyolowa maji ya bahari haikauki sawasawa hata ikianikwa juani, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa. Sharti isuuzwe kwanza kwa maji baridi au ya mvua.

3. Maji ya kunywa

Katibu aweza kufanya hesabu mapema. Mabaharia sita, kila mmoja akipewa lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia, watatumia lita 24 kwa siku, yaani lita 168 kwa siku saba. Iongezwe theluthi moja, lita 56, kwa ajili ya shwari au upepo wa mbisho. Jumla ni lita 224. Maji hayo yagawanywe katika vyombo kadhaa, kwani pipa moja likipasuka safari nzima huharibika. Pipa lililowahi kutiwa mafuta au dawa za shamba lisitumiwe kamwe. Sahani zaweza kuoshwa kwa maji ya bahari, na maji baridi yakahifadhiwa.

4. Moto

Jiko la mkaa liwekwe sitahani, katika sanduku la mchanga, upande uliokingwa na upepo. Lisiingizwe ndani likiwa na makaa, hata yaliyofifia, wakati wa mvua au baridi. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Gesi ya kupikia ina hatari nyingine: ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja huteremka ngamani na kutuama huko kama maji, ikingoja cheche moja ya mashine. Mtungi ukae nje sitahani, ufungwe kila baada ya kupika, na mpira wake upimwe kwa povu la sabuni. Mvuke wa petroli una tabia hiyohiyo. Taa za betri zinazopata nguvu za jua zinafaa zaidi kuliko kandili ndani ya chombo cha mbao.

5. Daftari la chombo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila chombo kiwe na daftari lake. Baada ya kila safari nahodha aandike palipovuja, chaga iliyovunjika, maji yaliyosalia na hali ya jiko. Mjumbe wa kamati akague na kutia sahihi. Kabla ya mapato ya safari kugawanywa, sehemu ndogo itengwe kwa matengenezo hayo, ili katibu asilazimike kuomba fedha kila bati au msumari unapohitajika.

Wanaolala ndani ya chombo hicho ni wanachama wenyewe. Mkutano mkuu unapojadili bei ya nyavu, na uulize pia waliozitupa walilala wapi.