Beringi Isiyomaliza Mzunguko

Je, wajua kwamba beringi inayodumu miaka kwenye gurudumu la pikipiki inaweza kufa mapema ukiihamishia kwenye usukani wa baiskeli, ingawa hapo hugeuka kidogo tu? Mafundi wengi wakiambiwa hivi hucheka. Kisha baiskeli inarudi gereji usukani ukiwa umenasa katikati, na lawama zote wanapewa Wachina waliotengeneza beringi.

Baiskeli ninayoizungumzia ni ile ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono: kiti cha chini chenye mgongo, pedeli mbele ya kifua, cheni ikishuka hadi gurudumu la mbele. Binamu yake wa Ulaya huendeshwa kwa miguu, mtu akiwa amejilaza. Mwaka 1933 Francis Faure aliendesha moja iliyoundwa na Charles Mochet, akakata kilomita 45.055 kwa saa moja na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata wakuu wa mbio za baiskeli wakaipiga marufuku. Kwetu haikuja kwa ajili ya mbio. Imekuja kwa sababu ya miguu iliyopooza, na polio haijawa hadithi ya zamani huku: mwaka 2013 virusi vilivyotapakaa kutoka Somalia viliingia kambi za wakimbizi za Dadaab, na Kenya ikahesabu wagonjwa 14 mwaka huo.

Sasa, beringi ipi? Anza na namba iliyochongwa ubavuni, kwa maana mwenye duka la spea hatakuelewa ukimwambia “ile ya saizi ya kati”. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazokupa tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Kwa hiyo 6202 huingia kwenye shafti ya milimita 15, na 6204 kwenye ya 20. Herufi 2RS zina maana kwamba kuna kifuniko cha mpira pande zote mbili. Kwa mchanga wa Garissa usinunue nyingine. Na kwa kuwa mji umejaa bodaboda, panga vipimo vya fremu yako vifuate 6202 na 6301, ambazo hata duka dogo halikosi. Ukichagua namba adimu, umemhukumu mwenye baiskeli kungoja basi la Nairobi kila kitu kikiharibika.

Wengi hudhani ukubwa ndio uimara. Si kweli. 6202 ya kawaida imekadiriwa kubeba zaidi ya kilo 700 ikiwa inazunguka, na umri wake hupanda haraka mzigo unapopungua: punguza mzigo nusu, umri unaongezeka mara nane. Mtu mmoja na mtungi wake wa maji hawawezi kuiua kwa uzito.

Kinachoiua kwenye usukani ni kutozunguka. Ndani ya beringi gololi saba au nane hukimbizana njiani, na kila moja hubeba grisi na kuipaka upya mbele yake. Hayo ni ya gurudumu. Usukani kwa muda mwingi umenyooka, ukiyumba nyuzi mbili tatu kushoto na kulia, huku barabara yenye mikunjo ikiutikisa bila kukoma. Gololi hujisogeza kiasi cha unywele, zikisukuma grisi pembeni, na grisi ile hairudi yenyewe. Chuma kinabaki kikigusa chuma. Chembe ndogo ndogo zinamomonyoka, zinashika kutu na kuwa unga wa rangi ya udongo mwekundu unaosaga kama msasa. Baada ya muda kila gololi imejichimbia kitanda chake, na usukani ukifika katikati unaingia humo na kukataa kutoka.

Marekani waliliona jambo hili miaka ya 1930 kwenye magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni. Magari hayakuwa yametembea hata hatua moja, ila mtikisiko wa reli ulitosha. Yalifika na beringi za magurudumu zenye vishimo. Beringi feki zipo sokoni, sikatai. Lakini hata ile halisi ya bei ya juu ingekufa vivyo hivyo, na kuikaza zaidi, kama wafanyavyo wengi, kunaharakisha mazishi.

Kama usukani umetumia vikombe vya baiskeli ya kawaida, kuna dawa ya bei ya chai. Toa gololi zilizofungwa kwenye pete, utupe pete, ujaze gololi huru za inchi 5/32. Zitaingia nyingi kuliko zile za kwanza, kwa hiyo haziwezi zote kulala kwenye vishimo vya zamani. Au gonga kikombe kitoke, ukizungushe kidogo na kukirudisha.

Lakini kwa baiskeli mpya, sahau gololi kwenye pini ya usukani. Tumia bushi, yaani bomba fupi lisilo na gololi ambalo pini hugeuka ndani yake. Bushi hutandaza uzito kwenye eneo pana badala ya kuurundika kwenye ncha chache, na kwa mwendo wa taratibu kama huo msuguano wake si hoja. Anayebisha akachungulie chini ya lori la mifugo: pini inayogeuza gurudumu la mbele imekaa ndani ya bushi za shaba zenye tundu la kupigia grisi, na beringi moja ya kulala ya kupokea uzito wa juu. Wenye malori hawakufanya hivyo kwa ushamba.

Ushahidi mwingine uko Kwale. Miaka ya 1980 pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa huko, baada ya kazi iliyoanzia Malawi. Mpini wa pampu nao ni kiungo kinachoyumba, juu na chini mchana kutwa. Pampu ya India Mark II iliweka beringi za gololi kwenye mpini. Afridev ikaweka bushi za plastiki mbili tofauti, nailoni na asetali, zinazobanana kwa mkono. Zikichakaa, kamati ya kisima inazibadilisha kwa spana moja, bila kumngoja fundi wa wilaya. Inaniudhi kwamba somo lililofanyiwa kazi pwani yetu halijawafikia wanaoleta viti vya magurudumu vya msaada kwa makontena. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulisema wazi kwamba kiti kinachofaa ni kile kinachoweza kutunzwa nchini kinapotumika. Bado tunapokea viti vya korido za hospitali, vyenye vigurudumu vyembamba vinavyozama mchangani na beringi ambazo namba yake huipati Garissa wala Wajir.

Bushi nayo ina adui. Mchanga ukiingia hujikita kwenye plastiki au shaba, ambayo ni laini, na bushi hugeuka tupa inayokula pini. Kata pete mbili za tyubu kuukuu, zivalishe juu na chini zibane pini, kisha jaza grisi hadi itoke. Kwenye gurudumu grisi nyingi huleta joto, hapa haina neno. Nailoni huvimba ikinyonya maji, kwa hiyo iachie nafasi kidogo. Na usiruhusu mwosha pikipiki aelekeze mpira wa maji ya presha hapo.

Bushi hiyohiyo itafaa bawaba ya geti zito, mkono wa breki, kiungo cha trela la punda, kiti cha kukunja, mguu wa kitanda cha hospitali.