Kofia ya Mtoto Mchanga kwa Sindano Mbili

Kipupwe cha Dodoma unakijua. Mwezi wa Juni na Julai upepo wavuma toka asubuhi, na alfajiri maji ya mtungini yauma meno. Watu wa pwani hawaamini tukiwaambia. Wao hudhani nchi kavu ni nchi ya joto tu. Wanasahau kwamba sisi tumekaa juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu haulindi joto la mchana.

Miezi hiyo hiyo akina mama huja kwangu kuandikisha watoto wa ubatizo. Nami nikiandika jina, macho yangu huona mengine: kitenge kipya, blanketi zito, na kichwa cha mtoto ki wazi kabisa.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa leo ni karibu robo ya urefu wake wote. Chako wewe, mtu mzima, ni kama sehemu ya nane tu. Tena yeye hutoka tumboni akiwa amelowa, wala hawezi kutetemeka vizuri kama sisi ili apate joto. Akipoa hunyonya kwa unyonge, na asiyenyonya huzidi kupoa. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 yumo hatarini zaidi. Ndiyo sababu wakunga husema: mkaushe mtoto upesi, mweke kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, mfunike, mvike kofia. Daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwalea hivyo watoto njiti mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, na leo Shirika la Afya Duniani launga mkono njia hiyo. Kofia peke yake haitoshi, lakini ni kitu ambacho nyumba yoyote yaweza kukitengeneza kabla mama hajaenda kujifungua.

Uzi utapata wapi? Kondoo wetu wa Ugogo, wenye mkia wa mafuta, wana nywele zisizofaa kusokotwa uzi wa kofia. Basi nunua uzi dukani, au fanya kama nilivyofanya mimi: nenda mnadani kwenye mitumba, chagua sweta kuukuu lililofumwa kwa mkono, lifumue. Tazama kwanza mishono ya pembeni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi, utapata vipande vifupi tu. Uzi ukisha kutoka, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne, ufue, uuanike huku umening’iniza jiwe dogo ili unyooke.

Sindano nazo si taabu. Spoki mbili za baiskeli zilizonolewa ncha juu ya jiwe zafaa kwa uzi mwembamba. Kwa uzi mnene chonga vijiti viwili vya mwanzi, unene wa milimita 4, uvisugue mpaka viwe laini.

Sasa, vitanzi vingapi? Hapa ndipo wanaoanza hukosea, maana huuliza jirani badala ya kupima. Anza vitanzi 20 vya kujaribu, ufume mistari kumi, kisha upime upana. Tuseme umepata sentimeta 10. Yaani kila sentimeta ina vitanzi 2. Kichwa cha mtoto mchanga huwa na mzunguko wa kama sentimeta 35, lakini kofia hunyumbuka, basi ifanye 32. Mara 2, ni vitanzi 64. Ukipata hesabu nyingine kwa uzi wako, fuata yako, usifuate yangu.

Kuanza, funga kitanzi kimoja kwenye sindano ya kushoto. Vingine vizungushe kwenye kidole gumba, kimoja kimoja, uvivishe sindanoni, wala usivikaze. Kisha ingiza sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza, toka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha yake. Vuta uzi huo upite ndani ya kitanzi. Kile cha zamani kiachie kidondoke. Hicho ni kitanzi kimoja. Ukifika mwisho geuza kazi, ufume vilevile. Hakuna jingine la kujifunza.

Hesabu vitanzi kila mstari! Kofia yangu ya kwanza niliianza nikiwa chuoni, nikijifunza ualimu. Ilianza na 64 ikafika 71, ikapanuka juu kama kikapu. Wenzangu walicheka sana. (Walicheka pia kwa kuwa mimi ni mwanamume, hilo sikulijali, maana mtoto hajui nani aliyefuma.)

Ufikapo sentimeta 15, fuma vitanzi viwili viwili pamoja mstari mzima; vitabaki 32. Fuma mstari mmoja wa kawaida. Tena viwili viwili, vitabaki 16. Kata uzi ukiacha kama sentimeta 40, utie katika sindano ya kushonea, upitishe ndani ya vitanzi vyote, uvute mpaka tundu lifunge. Kwa uzi huo huo shona ubavu kutoka juu kwenda chini. Sentimeta 3 za mwisho zishone kwa upande wa pili, kwa kuwa utazikunja nje ziwe ukingo, na mshono hautaonekana.

Usitie kamba za kufunga kidevuni wala kifundo cha mapambo. Kamba yaweza kumkaba mtoto, na kifundo chang’oka kikaingia mdomoni. Uzi mwingi wa dukani siku hizi si wa sufu bali wa kiwandani, nao huyeyuka ukikaribia moto. Mama anayekaa karibu na mafiga akumbuke. Tena mtoto akisha kukua kidogo, na chumba kikiwa na joto, mguse kifuani: akiwa moto au ana jasho, mvue.

Fuma mbili, si moja. Ya kwanza italowa mara tu mtoto akizaliwa, na ya pili iwe tayari, imefuliwa na kukauka, ndani ya mfuko pamoja na khanga za kujifungulia.